Hayati Shekhar Mehta: Bingwa wa Njia za Milimani

Dereva atokaye Mbarara kwenda Kabale, kisha akaipanda milima hadi Kisoro, huzijua kona za nchi hii kwa mikono yake. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde, na kabla usukani haujanyooka kona nyingine imekwisha kufika. Wapo watu wazitafutao njia za namna hiyo kwa mapenzi tu. Miongoni mwa wazaliwa wa Uganda wenye mapenzi hayo, hapana aliyevuma duniani kumshinda hayati Shekhar Mehta, na leo tumeona inafaa kuyasimulia maisha yake.

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba. Aliingia katika mashindano ya magari akiwa kijana, na mwaka 1971 alishika nafasi ya pili katika Safari Rally, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953 na ambayo zama hizo yaliziunganisha nchi za Afrika Mashariki.

Agosti 1972 Idi Amin alitoa amri ya kuwafukuza watu wa asili ya Asia, akawapa siku 90. Mehta na jamaa zake wakakimbilia Kenya. Wasomaji wetu wa Base Camp na vijiji vingine vya Nakivale hawahitaji kuelezwa maana ya kuacha nyumba, mali na makaburi ya wazee kwa amri ya mtu mmoja. Hata hivyo, ufundi wa mtu hauzuiliwi mpakani. Pasaka ya mwaka 1973, miezi michache tu baada ya kufukuzwa, Mehta alishinda Safari akiendesha Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Sweden walilingana kwa alama za adhabu. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama.

Tusidhani kwamba ushindi wa namna hiyo ulitokana na kukanyaga mafuta tu. Safari ya zamani ilikuwa ya kilometa 5,000 hivi, katika barabara ambazo hazikufungwa, zenye mabasi, ng'ombe na watembea kwa miguu, na mara nyingi katika matope ya masika. Kwa hiyo madereva walizipitia njia mapema, wakaandika kila kona, kila daraja na kila shimo. Katika milima ya Taita na miteremko ya bonde la Kerio, aliyechelewa kushika breki alitumbukia, na aliyeichosha injini mapema aliachwa njiani. Sifa ya Mehta ilikuwa subira: alilitunza gari lake, akawaacha wenye pupa wavunjike mbele yake.

Kwa subira hiyo alishinda tena miaka ya 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo, akiwa na msaidizi wake Mike Doughty katika magari ya Datsun 160J na Violet GT. Jumla ni ushindi mara tano, idadi ambayo hadi anafariki hapakuwa na dereva mwingine aliyeifikia. Mkewe Yvonne, naye mwanamichezo wa magari, aliketi kando yake katika mashindano kadhaa.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya katika mashindano ya jangwani nchini Misri, na huo ukawa mwisho wa udereva wake wa mashindano. Hakuuacha mchezo; aliingia katika uongozi wa FIA, akaongoza kamisheni ya mashindano ya rally. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006.

Vijana wetu wapendao kona za Kabale na Kisoro wanayo mengi ya kujifunza kwake. Aliyeshinda mara tano hakuidharau njia hata mara moja: aliitazama kwanza, akaiandika, ndipo akaiendea mbio.