Tycho Brahe: Mwanafalaki aliyezivunja mbingu za kioo

Jioni ya Novemba 13, 1577, jua likiwa bado halijazama, Tycho Brahe alikuwa kwenye bwawa lake la samaki katika kisiwa cha Hven, kilichoko katika mlango wa bahari unaotenganisha Denmark na eneo ambalo leo ni Uswidi. Alipoinua macho upande wa magharibi, aliona kitu kikimeta mithili ya nyota. Giza lilipoingia, kitu hicho kilidhihirisha mkia mrefu wenye wekundu. Ilikuwa kometi, ile nyota yenye mkia ambayo mataifa mengi yaliichukulia kuwa mjumbe wa vita, tauni na vifo vya wafalme.

Ulaya iliingiwa na hofu. Kule Istanbul, mwanafalaki Taqi al-Din alimtabiria Sultani Murad III ushindi vitani. Kufikia mwaka 1580 kituo chake cha kutazamia nyota kilikuwa kimebomolewa kwa amri ya sultani huyo huyo. Kusini mwa Ujerumani, mama mmoja alimpandisha mwanawe wa miaka mitano mahali pa juu ili aione. Mtoto huyo aliitwa Johannes Kepler, na jina lake litarejea katika kisa hiki.

Brahe alikuwa na swali jingine: kitu hiki kimeumbwa kwa nini? Swali hilo halikuwa dogo. Kwa zaidi ya miaka 1,800 wasomi walikuwa wamefuata fundisho la Aristotle kwamba ulimwengu umegawanyika sehemu mbili. Chini ya mwezi kuna udongo, maji, hewa na moto, na humo kila kitu huzaliwa, huoza na kufa. Juu ya mwezi kuna dutu ya tano, safi, isiyobadilika kamwe, na sayari zimebebwa na matufe maangavu kama kioo yaliyovikana kama maganda ya kitunguu. Kwa kuwa kometi huja na kutoweka, isingeweza kuwa kitu cha mbinguni. Ilisemekana kuwa mvuke mkavu wa ardhi uliopaa angani na kushika moto. Hivyo basi, iwapo kometi ingepatikana juu ya mwezi, jengo zima lingeanguka.

Aliyelikabili jengo hilo hakuwa mtu wa kawaida. Alizaliwa Desemba 14, 1546, katika ukoo mkubwa wa makabaila wa Denmark, akachukuliwa angali mchanga na amu yake, ambaye alimlea akinuia awe mwanasheria. Kupatwa kwa jua mwaka 1560 kuliuteka moyo wake, kwani alistaajabu kwamba binadamu aliweza kukutabiri. Miaka mitatu baadaye aligundua kwamba majedwali mashuhuri ya nyota yalikosea tarehe ya kukutana kwa Mshtarii na Zohali, moja kwa siku kadhaa na jingine kwa takriban mwezi mzima. Akiwa na miaka 20 alipigana kwa upanga na kabaila mwenzake na kupoteza sehemu ya pua, akaishi na pua ya bandia hadi kufa kwake. Mwaka 1572 nyota mpya ilipochomoza angani, alionyesha kwamba ilikuwa mbali kuliko mwezi. Mfalme Frederick II, akihofia kumpoteza, alimkabidhi kisiwa cha Hven mwaka 1576.

Kwa hiyo kometi ilipotokea, Brahe alikuwa tayari na vyombo vyake. Darubini haikuwa imevumbuliwa. Alitegemea macho na vipimo vikubwa vya pembe. Mbinu yenyewe si ngumu kueleweka. Msafiri akitembea, mti ulio kando ya njia huonekana kuhama mbele ya mlima ulio mbali. Kadiri kitu kilivyo karibu, ndivyo kinavyohama zaidi. Mwezi ukitazamwa kutoka miji miwili iliyo mbalimbali huonekana kuhama mbele ya nyota. Brahe alilinganisha vipimo vyake na vya Tadeáš Hájek aliyekuwa Prague, zaidi ya kilomita 600 kutoka Hven. Kometi haikuonyesha kuhama kama mwezi. Alihitimisha kwamba ilikuwa mbali angalau mara 230 ya nusu kipenyo cha dunia, ilhali mwezi uko kwenye takriban mara 60.

Kitabu alichokichapisha mwaka 1588 kilikwenda mbali zaidi. Kometi ilikuwa imekatiza njia za sayari bila kugonga chochote, kwa hiyo matufe ya kioo hayakuwapo. Hapo akapata nafasi ya kupendekeza mpango wake: sayari huzunguka jua, na jua, pamoja na sayari hizo, huizunguka dunia iliyotulia. Katika mpango huo njia ya Mirihi hukatana na njia ya jua, jambo lisilowezekana iwapo mbingu ni ngumu. Kometi ndiyo iliyomfungulia mlango.

Hata hivyo, hakuupita mlango huo hadi mwisho. Copernicus alikuwa amechapisha mwaka 1543 kwamba dunia ndiyo huzunguka jua, na Brahe alikataa. Maandiko Matakatifu yalimzuia, lakini si hayo tu. Kama dunia inasafiri, nyota nazo zingepaswa kuonekana zikihama mwaka unapozunguka, naye hakuona dalili yoyote. Hoja hiyo ilikuwa nzito kuliko inavyokubaliwa na wengi wanaomcheka leo. Kuhama huko hakukupimwa kwa uhakika hadi mwaka 1838, na Friedrich Bessel.

Kisiwani, Brahe alikuwa bwana mkali, na wakulima wake walilalamikia kazi za shuruti. Aligombana na Mfalme Christian IV, akaihama Hven mwaka 1597, na hatimaye akahudumu Prague chini ya Kaisari Rudolf II. Huko ndiko Kepler alikomfuata mwaka 1600. Brahe alifariki Oktoba 24, 1601, siku 11 baada ya karamu iliyomwacha akishindwa kukojoa. Uvumi kwamba alilishwa zebaki ulidumu hadi mabaki yake yalipofukuliwa mwaka 2010 na uchunguzi kuukanusha. Ilibainika pia kwamba pua yake haikuwa ya fedha kama ilivyosimuliwa, bali shaba iliyochanganywa na zinki.

Kwa vipimo vya Mirihi alivyoviacha, Kepler alithibitisha mwaka 1609 kwamba sayari hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu. Mpango wa Brahe ulianza kufifia kwa hesabu zake mwenyewe.

Kuhusu umbo la kometi, jibu lilichelewa. Mwaka 1868 William Huggins alitambua kaboni katika mwanga wake, na mwaka 1950 Fred Whipple akapendekeza kwamba ni donge la barafu na vumbi. Chombo cha Stardust kilipoleta duniani vumbi la kometi Wild 2 mwaka 2006, ndani yake mlikuwa na chembe za madini zilizoumbwa katika joto kali mno. Wataalamu waliotarajia kupata mabaki ya baridi kuu pekee walilazimika kukubali kwamba, jua lilipokuwa changa, chembe hizo zilisafiri kutoka karibu nalo hadi pembezoni ambako barafu ilikuwa ikigandamana.