Isaac Newton, mtoto aliyeshindwa kuchunga kondoo na kueleza mwendo wa vitu vyote

Abiria wa Bukavu anayeshuka na taksi-basi kutoka Kadutu kuelekea Nyawera anaijua kanuni ya kwanza ya mwendo, hata kama hakusoma fizikia. Dereva anakanyaga freni ghafla, gari linasimama, lakini watu wanarushwa mbele na mfuko wa unga uliokuwa nyuma unafika miguuni mwao. Hakuna aliyewasukuma. Miili yao ilikuwa ikienda pamoja na gari, na freni inashika magurudumu, haiwashiki watu.

Aliyeliweka jambo hilo katika maandishi ambayo dunia inayafundisha hadi leo ni Isaac Newton, Mwingereza aliyezaliwa kijijini Woolsthorpe siku ya Noeli ya mwaka 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo. Baba yake, mkulima asiyejua kuandika hata jina lake, alikufa miezi mitatu kabla. Mtoto alipofika miaka mitatu, mama yake Hannah aliolewa tena, akahamia kwa mume mpya na kumwacha Isaac kwa nyanya yake mzaa mama.

Hannah alifiwa na mume wa pili pia. Isaac alipokaribia miaka 17, mama huyo alimtoa katika shule ya Grantham ili atunze shamba. Kazi ilimshinda kabisa. Kijana alizama katika vitabu, huku kondoo na nguruwe wake wakiingia katika mashamba ya watu, na mwaka 1659 akatozwa faini kwa ajili yao. Mjomba wake William na mkuu wa shule, Henry Stokes, ndio waliomsihi mama amrudishe masomoni. Haikuwa rahisi kwa mjane mwenye mashamba na mifugo kupoteza mikono ya kazi. Familia nyingi za Kivu zinaijua hesabu hiyo. Akakubali. Mwaka 1661 Newton aliingia chuo cha Trinity, Cambridge, akisoma huku akiwahudumia wanafunzi matajiri.

Mwaka 1665 ugonjwa wa tauni ulifunga chuo. Newton alirudi kijijini, na katika muda wa karibu miaka miwili akaanza kazi zake kubwa juu ya hesabu, mwanga na uvutano. Kwamba aliona tunda la tofaa likianguka, mwenyewe alilisimulia uzeeni. Kwamba lilimpiga kichwani, hilo watu wameliongeza.

Aliandika mengi na kuyafungia. Mwaka 1684 mtaalamu wa nyota Edmond Halley alimtembelea na swali juu ya njia za sayari, akaambiwa kwamba hesabu hiyo ilikwisha kufanywa ila karatasi haionekani. Halley hakumwacha. Kitabu kilitoka Julai 1687, kwa Kilatini. Shirika la wanasayansi la London lililotakiwa kulipia uchapaji lilikuwa limemaliza pesa zake kwenye kitabu cha samaki ambacho hakikununuliwa, basi Halley alilipa kwa mfuko wake.

Ndani yake mna kanuni tatu. Ya kwanza ni ile ya taksi-basi: kitu hakibadili mwendo wake mpaka nguvu ikibadili. Ya pili inajulikana kwa wanaosukuma chukudu Goma: ile yenye magunia kumi inataka nguvu kubwa zaidi ili ianze kwenda, na nguvu kubwa zaidi ili isimame. Ndiyo sababu kamioni iliyojazwa kupita kiasi ni hatari kwenye miteremko. Freni zinabeba kazi ambayo hazikutengenezewa, zinapata moto na kuchoka. Ya tatu huonekana ufukweni mwa ziwa Kivu: anayeruka kutoka mtumbwini kwenda nchi kavu anausukuma mtumbwi nyuma, na asipojihadhari anaangukia majini.

Vimiminika navyo vinatii. Anayebeba bidoni isiyojaa akageuka ghafla anasikia maji yakiendelea kule alikotoka kwenda. Katika kamioni ya mafuta, kiasi hicho ni maelfu ya lita. Tarehe 2 Julai 2010 kamioni ya mafuta ilipinduka Sange, kwenye barabara ya Bukavu–Uvira. Mafuta yalimwagika na kushika moto, watu zaidi ya 200 wakafa, wakiwemo waliokuja kuchota na waliokuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia.

Newton hakuwa mtu mwepesi. Aligombana vikali na Robert Hooke, kisha na Mjerumani Leibniz juu ya nani alitangulia kugundua, na alitumia miaka mingi akitafuta siri za kugeuza madini. Mwaka 1696 alikwenda London kusimamia utengenezaji wa sarafu, akawasaka wanaoghushi pesa bila huruma. Mwaka 1720 yeye mwenyewe alipoteza pesa nyingi katika hisa za kampuni iliyoanguka, ingawa alijua hesabu kuliko wote waliomuuzia.

Alifariki Machi 1727, akiwa na miaka 84, akazikwa katika kanisa la Westminster walimozikwa wafalme. Hakuacha mke, mtoto wala wosia. Mali yake iligawanywa kwa watoto wa ndugu zake, wale ambao mama yake aliwazaa katika ndoa ya pili.