SIR ROBERT HADFIELD: MZEE WA CHUMA KINACHOKOMAA KWA KIPIGO

Wale wa Ifakara, Mang'ula na Mlimba, reli ya TAZARA mnaijua vizuri. Angalia pale stesheni reli zinapokatana ili treni ihamie njia nyingine. Kuna kauwazi, na kila gurudumu likivuka linagonga na kusugua chuma kwa mzigo wa tani kadhaa. Chuma cha kawaida hapo hakidumu. Ndio maana reli nyingi duniani huweka sehemu hiyo chuma alichogundua jamaa mmoja wa Uingereza kabla hajafikisha miaka 25. Leo tumjue.

Robert Abbott Hadfield alizaliwa Novemba 28, 1858, Attercliffe, Sheffield, mji wa viwanda vya chuma. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kumimina chuma kwenye kalibu, na dogo akaanza kazi humo mapema, akijipangia maabara yake ndogo.

Enzi hizo mafundi waliamini kwamba ukizidisha manganizi, chuma kinakuwa kama kigae, ukigonga kimevunjika. Na kweli, kwa asilimia chache ndivyo ilivyo. Wengi wakaishia hapo. Hadfield akaendelea kuongeza mpaka kama asilimia 12, akakipasha moto mkali na kukitumbukiza kwenye maji. Chuma cha kawaida chenye kaboni nyingi ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu na rahisi kuvunjika. Hiki kikawa laini kiasi, hakivunjiki, na hata sumaku hainasi! Huo ulikuwa mwaka 1882.

Sasa utamu wenyewe. Chuma kile kikipigwa, uso wake unazidi kuwa mgumu. Kwanini? Chuma chochote kimejengwa kwa punje ndogo ndogo, na ndani ya kila punje atomi zimejipanga safu safu kama matofali ukutani. Kikigongwa au kikisuguliwa kwa mzigo mkubwa, safu za karibu na uso zinateleza na kujipinda. Ndani ya punje inatokea mistari myembamba sana ambako mpangilio umegeuka, kama sura yako kwenye kioo. Mistari hiyo inakuwa vizuizi, safu nyingine zikitaka kuteleza zinakwama. Ugumu wa uso unaweza kuongezeka zaidi ya mara mbili, huku ndani chuma kikibaki vile vile, kinavumilia bila kupasuka. Uso ukilika, tabaka la chini nalo linapigwa, linakomaa.

Ila msichanganye mambo. Sio kila msuguano unafanya hivyo. Mchanga ukipita juu yake taratibu bila uzito, kinalika tu kama vyuma vingine. Kinataka kipigo hasa, kama kile cha njia za reli na taya za mashine za kuvunja mawe ya kokoto.

Baba yake alipofariki mwaka 1888, Hadfield akashika usukani wa kampuni. Miaka ya 1890 akawa kati ya waajiri wa mwanzo Uingereza kupunguza kazi hadi saa 8 kwa siku. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, kofia za chuma za askari wa Uingereza zilitengenezwa kwa chuma chake. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1908, akafariki Septemba 30, 1940, akiwa na miaka 81. Pale kilipokuwa kiwanda chake kikubwa, leo kuna maduka ya Meadowhall.

Kwa mafundi wetu wa kuchomelea, hapa pana jambo zito. Chuma hiki ukikipasha moto sana halafu kikapoa polepole, kaboni inajikusanya kwenye mipaka ya punje, na kinarudi kuwa kigae. Kwa macho huoni tofauti yoyote. Lakini kikivunjika pale njia zinapokatana, treni inaweza kuacha reli na watu wakapoteza maisha. Kwa hiyo kinachomelewa kidogo kidogo, kikiachwa kipoe kila baada ya mshono mfupi, na anayejua kazi yake.

Haya wadau, hasa mafundi wa reli na wa gereji, uwanja ni wenu. Mwageni uzoefu wenu hapo chini.