TUMKUMBUKE FUNDI CHARLES TAYLOR

Kila aliyepata kusoma habari za ndege ayajua majina ya Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili wa mji wa Dayton, Marekani, ambao chombo chao kiliruka tarehe 17 Desemba 1903. Lakini ukimwuliza msomaji huyo huyo ni nani aliyeiunda injini iliyokirusha chombo kile, aghalabu atanyamaza. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wale wanaokula kwa jasho la mikono yao, habari za fundi huyo. Jina lake ni Charles Taylor.

Taylor alizaliwa tarehe 24 Mei 1868 katika jimbo la Illinois. Shuleni hakukaa sana. Aliingia kazini angali mtoto, na ufundi wa vyuma akaupata kazini. Mwaka 1901 ndugu Wright, waliokuwa na duka la baiskeli, walimwajiri kwa mshahara wa dola 18 kwa juma. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli na kulitunza duka wakati wenyewe wamesafiri kwenda North Carolina kuyajaribu mabawa yao.

Ilipofika mwisho wa mwaka 1902, ndugu hao walikuwa wamekwisha kujua namna ya kukiongoza chombo hewani. Kilichobaki ni nguvu ya kukisukuma. Wakayaandikia makampuni kadha wa kadha wakitaka injini nyepesi yenye nguvu za farasi 8. Hapakupatikana hata kampuni moja iliyoweza kuwapa injini ya namna hiyo. Ndipo walipoamua kuiunda wenyewe, na kazi hiyo wakamkabidhi fundi wao.

Yafaa tuufahamu uzito wa kazi hiyo. Taylor alikuwa hajapata kuunda injini hata siku moja; aliwahi tu kujaribu kuitengeneza injini ya motokaa iliyoharibika. Michoro kamili haikuwapo. Walikuwa wakikizungumza kifaa kimoja, wakakichora juu ya kipande cha karatasi, naye akakitundika kikaratasi hicho mbele ya meza yake na kuanza kazi. Mashine zake zilikuwa kerezo na keekee, pamoja na zana za mkono.

Krenki aliitoa katika bamba la chuma cha pua lenye uzito wa kilo 45 hivi. Alilichora umbo, akalitoboa matundu mengi kuufuata mchoro, akavipiga tindo vipande visivyotakiwa, kisha akalikereza hata ikabaki krenki ya kilo 9 hivi. Kasha la injini lilisubiwa kwa alumini ili uzito upungue. Kabureta haikuwamo, wala plagi za namna tuzijuazo sisi. Hata hivyo, baada ya majuma sita injini ya silinda nne ilikuwa tayari.

Ilipojaribiwa mwezi wa Februari 1903, petroli ilidondokea beringi, injini ikakwama na kasha likavunjika. Taylor hakukata tamaa. Kasha jipya lilipofika mwezi wa Aprili, aliiunganisha injini upya. Safari hii ilitoa nguvu za farasi 12, nayo ilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 80. Nguvu hizo za ziada ziliwawezesha ndugu Wright kukiimarisha chombo chao bila ya kuhofia uzito.

Siku ile ya Desemba chombo kiliruka mara nne. Mara ya kwanza kilikaa hewani sekunde 12, na mara ya mwisho sekunde 59, kikaenda mita 260. Taylor hakuyaona hayo kwa macho yake. Alikuwa Dayton, kazini.

Baadaye aliendelea kuwatumikia ndugu Wright, na mwaka 1911 alikuwa fundi wa Calbraith Rodgers, rubani wa kwanza kuivuka Marekani kwa ndege toka pwani hata pwani. Kisha dunia ikamsahau. Alihamia California mwaka 1928, akapoteza akiba yake katika biashara ya ardhi. Wakati wa dhiki kuu ya miaka ya 1930 alifanya kazi katika kiwanda cha ndege mjini Los Angeles kwa senti 37 kwa saa, na wenziwe kazini hawakujua kuwa huyo ndiye aliyeiunda injini ya ndege ya kwanza. Orville Wright alipofariki mwaka 1948 alimwachia dola 800 kila mwaka; lakini bei zilikuwa zikipanda, na fedha hizo hazikutosha. Mwaka 1955 mwandishi wa habari alimkuta katika wodi ya maskini. Wenye viwanda vya ndege wakachanga fedha, akahamishiwa mahali pazuri zaidi. Alifariki tarehe 30 Januari 1956, akiwa na umri wa miaka 87.

Leo Serikali ya Marekani hutoa tuzo yenye jina lake kwa mafundi wa ndege waliofanya kazi miaka 50. Ni jambo jema, lakini chanda hiki kilivikwa pete baada ya kuzikwa.

Hatusemi haya ili kuwavunjia heshima ndugu Wright. Fikira ilikuwa yao, nao waliyahatarisha maisha yao kwa ajili yake. Twasema tu kwamba mabawa yao yasingaliondoka ardhini bila ya mikono ya Taylor. Basi kila panapozinduliwa mtambo, daraja au kiwanda, na jina la mkubwa likachongwa ukutani, tuulize pia majina ya mafundi. Tena tuwaulize wangali hai, na tuhakikishe kwamba watakapozeeka watapata riziki yao kwa haki, si kwa michango ya huruma.