Maisha ya Muyaka bin Haji, Mshairi wa Vita vya Mombasa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ushairi si jambo geni katika dini ya Kiislamu. Sura ya Ash-Shuaraa yawalaumu washairi wanaotangatanga na kusema wasiyoyatenda, kisha yawatoa katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Huko Madina, Hassan bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwajibu kwa mashairi makafiri wa Makka waliomtukana Mtume, sala na salamu zimshukie. Tangu hapo Waislamu wametambua kwamba ulimi nao ni silaha, na mwenye silaha hana budi kujua wapi aielekeze.

Katika pwani ya Waswahili, aliyepata sifa kubwa kwa silaha hiyo ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Alizaliwa Mombasa katika karne ya 18. Mwaka wa kuzaliwa kwake wakadiriwa kuwa 1776. Alikuwa mfanyi biashara, tena rafiki wa Mazrui, ukoo wa Waarabu wa Omani uliotawala Mombasa toka Ngome yake kuu. Kabla ya zama zake, mashairi mengi yaliyoandikwa yalikuwa tenzi ndefu za dini. Muyaka aliupa heshima ushairi wa beti za mistari minne, akautia mambo ya kila siku: mapenzi, nyumba, njaa, biashara na siasa ya mji. Kwa hiyo husemwa kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaufikisha sokoni.

Lakini zama zake zilikuwa zama za vita. Yapata mwaka wa 1812, Mazrui walishirikiana na watu wa Pate wakaishambulia Lamu. Vita hivyo vyaitwa Vita vya Kuduhu, na mapigano yake makuu yalikuwa Shela, katika kisiwa cha Lamu. Watu wa Lamu walishinda. Na yasimuliwa kwamba maji yalikupwa, vyombo vya washambulizi vikakwama mchangani, na wengi wakauawa ufukoni. Mashairi ya vita hivyo yalitungwa pande zote mbili. Lamu ilikuwa na kiongozi na mshairi wake, Bwana Zahidi Mgumi, na Mombasa ilikuwa na Muyaka. Shairi lilitoka mji mmoja, na mji wa pili ukalijibu.

Mashairi ya namna hiyo hayakutungwa kwa kupitisha wakati. Mtu aliyekaa kwa hofu alitiwa moyo, na asiyejua sababu ya vita alielezwa. Adui alitishwa na kudharauliwa, na mara nyingi maneno yalifumbwa ili aliyekusudiwa aelewe na mgeni asielewe. Vina na mizani vililifanya shairi likae kichwani upesi, hata mtu asiyejua kusoma aliweza kulichukua jahazini na kulifikisha mji wa pili likiwa kamili. Tena shairi lilikuwa daftari la waliokufa na la ahadi zilizovunjwa.

Baada ya Shela, watu wa Lamu waliomba himaya ya Seyyid Said bin Sultan wa Omani. Hapo vita vya miji jirani viligeuka kuwa vita vya madola. Mwaka wa 1824 Mazrui walipandisha bendera ya Waingereza ili kujikinga, lakini himaya hiyo iliondolewa mwaka wa 1826. Seyyid Said aliikabili Mombasa mwaka wa 1828, akarudi tena mwaka wa 1829 na 1833. Muyaka aliutetea mji wake kwa beti zake. Ngome haikuvunjwa na mizinga. Iliangushwa na fitina. Liwali Salim bin Ahmad alifariki mwaka wa 1835, jamaa zake wakagombana, na mwaka wa 1837 Seyyid Said akaumiliki mji. Wakuu wa Mazrui walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas.

Upande wa Muyaka ulishindwa, na yeye mwenyewe akafariki, lakini maneno yake hayakufariki. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa aliyakusanya mashairi hayo, akamsaidia W. E. Taylor kuyahifadhi. Mwaka wa 1940 diwani yake ilipigwa chapa Johannesburg kwa kazi ya W. Hichens, na mwaka wa 1979 Profesa Mohamed H. Abdulaziz alitoa kitabu kikubwa juu yake. Mashairi ya Vita vya Kuduhu yalichapishwa pamoja mwaka wa 1995, na leo maneno ya Lamu na ya Mombasa yamo katika jalada moja.

Humo mna mazingatio. Waliopigana Shela walikuwa Waislamu wote, wa kibla kimoja na lugha moja, na ulimi uliowatia ushujaa ndio uliowatenganisha. Burundi nayo imekwisha kuonja vita. Katika vita vilivyoanza mwaka wa 1993, Waislamu wa Buyenzi walikataa kugawanywa, wakawapa hifadhi Wahutu na Watutsi. Tendo hilo lastahili mshairi wake, na vijana wa Kajaga wanaojifunza vina na mizani wamekwisha kupata la kutungia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Muyaka bin Haji, na awarehemu waliokufa Shela, wa huku na wa huku. Amin.