Marie Nyswander: Daktari Aliyemwona Teja Kama Mgonjwa

Mateja tunawaona stendi, sokoni, chini ya madaraja. Tunawacheka, tunashika simu zetu vizuri, tunapita. Dawa inayoweza kuwatoa kwenye unga inaitwa methadoni, na mtu aliyehangaika mpaka ikakubalika ni mwanamke ambaye jina lake halisikiki hapa chuoni. Anaitwa Marie Nyswander.

Alizaliwa 13 Machi 1919 katika mji wa Reno, Nevada, huko Marekani. Wazazi wake waliachana, akalelewa na mama yake, Dorothy, ambaye alikuwa msomi wa elimu ya afya. Marie akasoma udaktari Chuo Kikuu cha Cornell, akamaliza mwaka 1944. Ndoto yake ilikuwa kuwa daktari wa upasuaji, akajiunga na jeshi la majini. Huko akaambiwa hawachukui wanawake kwenye upasuaji! Wakampeleka Lexington, Kentucky, kwenye hospitali ya serikali ya waraibu.

Hospitali yenyewe ilikuwa nusu gereza. Mtu anakaa miezi, anasafishwa mwili, anaruhusiwa, halafu baada ya muda anarudi tena kwenye sindano. Tangu sheria ya mwaka 1914, daktari wa Marekani aliyempa mraibu dawa za jamii ya afyuni ili asiteseke alikuwa hatarini kukamatwa. Kwa hiyo madaktari wengi waliwakimbia wagonjwa hao. Marie hakuwakimbia. Alikwenda New York, akasomea magonjwa ya akili, akawatibu wanamuziki wa jazi na baadaye vijana wa Harlem. Mwaka 1956 akatoa kitabu ambacho hata jina lake linamtaja mraibu kama mgonjwa.

Lakini kuwaonea huruma hakukutosha. Kwa miaka mingi aliwatibu kwa mazungumzo na ushauri nasaha, na wengi walirudi kwenye heroini vilevile. Aliona mwenyewe kwamba njia hiyo peke yake imeshindwa, akaendelea kutafuta nyingine.

Kitabu chake kikamfikia Vincent Dole, mtafiti wa Taasisi ya Rockefeller, ambaye naye alikuwa anatafuta jibu. Wakaanza kazi pamoja mwaka 1964, wakiwa na daktari kijana, Mary Jeanne Kreek. Kwanza walijaribu kuwapa wagonjwa mofini. Ikawa balaa: kila siku walitaka kuongezewa, na muda wote walikaa tu wakisubiri dozi nyingine. Ndipo wakawahamishia kwenye methadoni, dawa ya maumivu iliyotengenezwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Hapo mambo yakabadilika. Mgonjwa mmoja akaanza kuchora picha. Mwingine akaomba aruhusiwe kumalizia masomo yake ya sekondari. Sisi wa kitivo cha elimu tuliangalie hilo vizuri: mtu alipoacha kuwaza arosto, alichokitaka kilikuwa shule.

Sababu yake inaeleweka. Heroini inapanda haraka na kushuka haraka, ndani ya saa chache arosto imefika na mtu anatafuta hela kwa njia yoyote. Methadoni inayonywewa inakaa mwilini karibu siku nzima. Kwa dozi sahihi haimleweshi aliyeizoea, na inazuia arosto. Ni dawa kali, ukizidisha inaua, ndiyo maana mgonjwa anainywa mbele ya mhudumu.

Mwaka 1965 walichapisha matokeo ya wagonjwa 22, na mwaka huohuo Marie na Dole wakaoana. Maofisa wa serikali wa dawa za kulevya walimwendea Dole kumwonya kwamba anavunja sheria. Wengine wakasema eti anabadilisha ulevi kwa ulevi. Wao hawakuacha, na maelfu ya watu wakapata tiba. Marie alifariki kwa saratani tarehe 20 Aprili 1986. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu.

Kwetu Tanzania, Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani, Mwanza ikiwemo. Hatua kubwa, hakuna ubishi. Ila mimi natokea Morotonga, wilaya ya Serengeti. Kule Serengeti na Tarime watu wanalalamikia zaidi bangi na gongo, na methadoni haitibu hivyo. Lakini vijana wetu wanakwenda Dar na Mwanza kutafuta maisha, na yupo anayeweza kurudi nyumbani na unga mwilini. Huyo afanye nini? Kutoka Mugumu mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 200, na dawa inanywewa kila siku. Ama ahamie mjini bila kazi wala ndugu, ama abaki nyumbani na arosto yake.

ARV nazo zilianzia hospitali kubwa. Leo mtu anazichukua kituo cha afya cha jirani, na hakuna anayeshangaa. Methadoni nayo ishuke wilayani, pawepo muuguzi aliyefundishwa, na pawepo mtu wa kumshika mkono aliyepata nafuu arudi shule, apate kazi, akubalike kwao. Maana Marie mwenyewe alijifunza kwamba huruma bila dawa haitoshi. Na dawa bila pa kwenda baada ya kuinywa, itamfikisha wapi kijana?

Baadhi yetu mwakani tutakuwa walimu. Kuna siku mzazi atakuja ofisini kuuliza kama mwanaye aliyekuwa teja anaweza kurudi darasani. Tuwe na jibu.