Salme: Binti Sultani aliyelipia kosa lisilohesabiwa kwa wanaume

KATIKA majumba ya kifalme ya Unguja katika karne ya 19, heshima ya ukoo iliwekwa juu ya uso wa binti. Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni Agosti 30, 1844, alilelewa kwa kanuni hiyo, na maisha yake yalidhihirisha jinsi ilivyowabana mabinti huku ikiwaacha kaka zao huru.

Babake, Seyyid Said bin Sultan, alitawala Omani na Zanzibar. Mamake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa utumwani angali mtoto, kisha akafanywa suria. Masuria wa Sultani walitoka mataifa mengi, na alipofariki mwaka wa 1856 aliacha watoto 36 walio hai. Hakuna aliyesema kwamba ameuvunjia ukoo heshima kwa kuzaa na wageni.

Mabinti zake walipokua walivaa barakoa mbele ya wanaume wasio maharimu wao, na walipotoka nje walijifunika shela ya hariri. Wajakazi, kwa upande wao, walipita njiani mchana, nyuso wazi, wakichapa kazi. Barakoa basi haikuwa alama ya haya pekee, bali ya cheo pia. Mjakazi hakuhesabiwa kuwa na staha ya kulindwa.

Elimu nayo iligawanywa kwa mizani hiyohiyo. Wavulana walifunzwa kusoma na kuandika, lakini wasichana waliishia kusoma Kurani. Salme hakuridhika. Kwa siri alinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, hadi akaweza kuandika.

Ujuzi huo uliokatazwa ulihitajika punde. Mwaka wa 1859 kakake, Barghash, alipanga kumpindua Sultan Majid, ndugu yao. Salme, akiwa na umri wa miaka 15, ndiye aliyefanywa katibu wa njama hiyo. Uasi uliposhindwa, Barghash alipelekwa Bombay. Majid alimsamehe dada yake.

Miaka kadhaa baadaye Salme alipendana na jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani Rudolph Heinrich Ruete, akashika mimba. Maisha yake yakawa hatarini. Mwaka wa 1866 alitoroka kwa manowari ya Uingereza hadi Aden, na huko, mnamo Mei 30, 1867, akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku iyo hiyo.

Kwa sheria ya dini yake, mwanamke Mwislamu hakuruhusiwa kuolewa na asiye Mwislamu, na kuritadi lilikuwa kosa zito. Hata hivyo, hukumu ya ukoo haikuwa ya dini tu. Ilikuwa mkuki kwa nguruwe: Barghash, aliyeinua silaha dhidi ya ndugu yake, aliruhusiwa kurejea na mwaka wa 1870 akatawazwa Sultani. Salme, aliyempenda mgeni, hakusamehewa.

Mwaka huohuo mumewe aligongwa na tramu mjini Hamburg na kufariki, akamwacha na watoto watatu wadogo ugenini. Mwaka wa 1885 alirudi Unguja kudai urithi wake, lakini Barghash alikataa kumpokea. Safari ya mwaka wa 1888 pia haikufua dafu.

Kumbukumbu zake, alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka wa 1886, hazikudharau mila za kwao. Aliwatetea wanawake wa Mashariki dhidi ya dhana za Wazungu waliodhani kila aliyejifunika uso ni mfungwa. Ila kitabu chenyewe kiliandikwa na mkono ambao haukutakiwa kushika kalamu.

Seyyida Salme alifariki mjini Jena, Ujerumani, Februari 29, 1924, akiwa na umri wa miaka 79, na majivu yake yakazikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kando ya mumewe. Nduguze wengi walizikwa Unguja.